Sikio Liulizalo Mara Moja

Utepe wa Mbeya ulipita juu ya ukungu, na mtu aliyeutazama kwa mara ya kwanza alidhani ukungu ndio unaotembea. Ulianzia kiwanja cha ndege, ukavuka Mbalizi, Iyunga na Mwanjelwa hadi Uyole, mweupe, umeinuliwa juu ya nguzo nyembamba zilizolingana urefu na mikaratusi. Juu yake viliteleza vijumba vya kioo, kila kimoja na viti sita, bila dereva, bila usukani, bila magurudumu. Sumaku zilizolazwa ndani ya Utepe zilivibeba hewani kwa upana wa vidole viwili tu, kwa hiyo havikutoa kelele yoyote isipokuwa mvumo mdogo, kama wa mtu anayeimba akiwa amefumba mdomo.

Tiketi hazikuwepo. Jiji lilikuwa limeamua zamani kwamba kila mtu atabebwa, na lililobaki ni kuamua nani apite njia ipi. Njia zilikuwa mbili. Uzi wa Haraka ulikata jiji moja kwa moja, mwanzo hadi mwisho, kwa dakika kumi na mbili. Uzi wa Pole ulipanda ubavuni mwa mlima Loleza, ukazungukazunguka kwenye mashamba ya kahawa na misitu, ukashuka upande wa pili baada ya saa moja na nusu. Vijumba vyote visingeweza kuingia Uzi wa Haraka kwa pamoja, na mwenye kuchagua alikuwa Sikio.

Sikio lilikuwa bakuli la shaba, ukubwa wa ungo, lililopachikwa mlangoni mwa kila kituo. Lilikutazama, likakadiria umri wako, likakusalimia kama unavyostahili kusalimiwa, likakuuliza habari. Mwenye shida alifunguliwa mlango wa kushoto akapata Uzi wa Haraka. Mwenye heri alifunguliwa wa kulia. Wageni walitoka mbali kuja kulishangaa, na wengine walipiga nalo picha.

“Shikamoo, mama,” Sikio lilimwambia mwanamke aliyeshuka na ndege ya mchana, begi moja begani.

“Marahaba.”

“Karibu Mbeya. Habari za safari?”

“Nzuri tu, tunashukuru.”

Mlango wa kulia ukafunguka.

Mwanamke akabaki ameduwaa. Aliitwa Mwantumu Shemweta, mhandisi wa miaka hamsini na mitatu, mzaliwa wa Lushoto anayeishi Tanga, na siku hiyo hakuwa na habari nzuri hata moja. Kaka yake Mbaruku, mpima ardhi mstaafu, mjane aliyeishi Mbeya miaka thelathini, alikuwa apasuliwe kichwa saa nane kamili katika hospitali iliyo upande wa Uyole. Uvimbe ulikuwa umekaa pale ambapo ubongo huweka sura na majina ya watu. Ataishi, madaktari walisema, hilo karibu hawana shaka nalo. Lakini hawakuweza kuahidi kwamba huyo atakayeamka atamtambua mtu yeyote. Mbaruku mwenyewe hakumwambia dada yake neno. Aliyepiga simu, jana jioni, alikuwa nesi mmoja aitwaye Ambwene.

Mwantumu alitaka kufika kabla ya saa nane ili kaka yake amwone akiwa bado anamjua. Saa ya kituoni ilionyesha saa sita na dakika thelathini na tano. Kwa Uzi wa Haraka angefika na kubakiwa na muda wa kutosha. Kwa Uzi wa Pole angefika mlango wa chumba cha upasuaji umeshafungwa. Aligeuka alitazame tena lile bakuli, lakini familia ya watu watano ilikuwa nyuma yake, mama mwenye mtoto mgongoni akimsukuma kwa upole, na Sikio halimsikilizi mtu mmoja mara mbili katika kituo kimoja. Hiyo ilikuwa kanuni, kuzuia watu wasije wakajaribu bahati.

Kanuni hiyo aliiandika yeye. La kuchekesha, kwa mwenye moyo wa kucheka, ni kwamba Sikio zima lilikuwa kazi yake.

*

Kijumba kilimpokea vizuri mno. Kiti kikajilaza chenyewe kufuata mgongo wake, kioo kikapunguza ukali wa jua mpaka mwanga wote ukawa rangi ya asali. Kilipohisi moyo wake unakwenda mbio, kikaanza kutoa sauti ya maji yanayopita kwenye mawe. Hapo tayari walikuwa wameuacha mji chini. Ukungu uliwafunika, ukawaachia, ukawafunika tena, na kila ulipowaachia kulikuwa na kitu kipya cha kutazama: mteremko wa kahawa uliochanua maua meupe, mabati ya nyumba yaking'aa bondeni, wingu dogo limekaa peke yake juu ya shamba la viazi. Mwantumu hakuwahi kuona mahali pazuri namna hiyo, na kila dakika ya uzuri huo ilimchoma. Aliona kope zikimwelemea. Alijifinya mkono asije akalala.

Miaka ishirini na minne iliyopita, kwenye chumba cha ghorofani Tanga, yeye na vijana wenzake saba walikusanya salamu elfu arobaini. Walikaa sokoni, misibani, harusini na kwenye vibaraza, wakarekodi watu wanavyojuliana hali, kisha wakaifundisha mashine kutofautisha mwenye shida na asiye nayo. Mmoja wao, kijana mpole wa Korogwe aitwaye Kihiyo, ndiye aliyegundua kasoro. Watu husema nzuri kwanza, alisema. Mtu amefiwa, utasikia nzuri. Nyumba imeungua, nzuri, ila nyumba imeungua. Sikio lisikate shauri kwa jibu la kwanza, liulize tena, kama watu wanavyoulizana: na kwingine? Hapo ndipo ukweli hutoka.

Mwantumu alipiga hesabu palepale ubaoni. Swali la pili lingeongeza sekunde nne kwa kila abiria, na kwa umati wa asubuhi foleni ingefika barabarani. Akalifuta kwa kiganja. “Mashine itawafundisha watu kusema moja kwa moja,” alisema. Wote wakaona amesema jambo la maana, kwa kuwa walikuwa vijana na hakuna kati yao aliyekuwa amezika mtu.

Ikabaki sauti. Walijaribu za watangazaji, zikasikika kama zinauza sabuni. Mwishowe wakachukua ya Mwantumu mwenyewe, aliyekuwa na miaka ishirini na tisa, mafua kidogo, na lafudhi ya milimani ambayo hakuweza kuificha hata angejitahidi vipi. Alisoma salamu mia mbili kwa mchana mmoja, akaenda kula. Hakuwahi kufika Mbeya, wala hakuwahi kusimama mbele ya bakuli la shaba kama abiria. Leo alikuwa ameamkiwa na binti aliyekuwa yeye mwenyewe, na kwa adabu aliyofundishwa na mama yake, kwamba shida hairushwi mlangoni, akamjibu binti huyo uongo.

Saa saba kasoro dakika tano kijumba kilisimama kwenye kituo cha mapumziko, kwenye ukingo wa msitu. Vituo vya Uzi wa Pole vilikuwa na Sikio na milango miwili vilevile, maana mtu anaweza kupatwa na haraka akiwa njiani. Mlango wa kushoto ulikuwa na kiteremsho cha kumrudisha abiria kwenye Uzi wa Haraka. Mwantumu alishuka akiwa amejiandaa. Alirudia kimoyomoyo: mbaya, mbaya, mbaya. Akajipanga mbele ya bakuli, mabega juu, kama mtu anayekwenda kugombana.

“Shikamoo, mama.”

“Marahaba.”

“Baridi ya huku vipi, umeizoea?”

Swali hilo hakulitarajia. Alilisoma mwenyewe zamani, la ishirini na kitu kwenye orodha, na alikuwa amelisahau kabisa.

“Aa, nzuri, tunaendelea nayo,” alijibu, na kulia kukafunguka.

Alipiga kelele. Hakutukana, maana hakulelewa hivyo, lakini alipiga kelele moja kubwa iliyowashtua ndege mtini, kisha akapanda kijumba kilichofuata kwa kuwa njia nyingine ya kutoka kwenye mlima ule haikuwepo.

*

Kituo cha pili cha mapumziko kilikuwa kati ya miparachichi. Ilikuwa saa saba na dakika kumi na tano. Mwantumu alishuka akasimama kando, hakulikaribia Sikio. Aliogopa mdomo wake. Aliona wazi kwamba hata akikumbuka neno, kuna kitu kingine kinachomzuia: kusema mbaya juu ya Mbaruku, kwa sauti, mbele ya watu, ilikuwa kama kumchimbia kaburi mtu anayepumua.

Mwanamke wa umri wake alikuja kutoka shambani na kikapu cha parachichi, kitenge kipya kiunoni, akiimba chinichini. Sikio likamwamkia, likamuuliza habari za leo.

“Mbaya kabisa!” alisema kwa furaha. Kushoto kukafunguka.

“Dada,” Mwantumu akaita. “Pole sana. Umepatwa na nini?”

Mwanamke akageuka, mguu mmoja ndani. Mlango ukamsubiri. “Mimi? Sijapatwa na kitu. Nakwenda mazoezi ya kwaya.” Akamwangalia vizuri. “Wewe mgeni. Ugonile, dada,” akamsalimia kwa Kinyakyusa. “Naitwa Tusekile.”

“Mwantumu. Natoka Tanga.”

“Mwe! Tanga yote hiyo. Habari za huko?”

“Nzuri.”

“Nzuri, halafu?”

Tusekile aliuliza tu kama watu wanavyouliza, huku anahamisha kikapu mkono wa pili. Lakini swali hilo la pili lilipomfikia Mwantumu, maneno yakamtoka. “Kaka yangu anapasuliwa kichwa saa nane,” alisema. “Yuko hospitali ya Uyole. Mimi nazungushwa huku mlimani tangu saa sita. Kila nikiulizwa nasema nzuri.”

Tusekile hakucheka. Aliweka kikapu chini. “Nishike mkono,” alisema. “Shika, usiogope. Mtu aliyeshikwa mkono Sikio halimuulizi, linamhesabu pamoja na mwenzake. Ndivyo tunavyopita na watoto.”

Mwantumu aliijua kanuni hiyo pia. Haikumjia hata kidogo kwamba mtu mzima anaweza kuitumia. Akashika mkono ule mkavu wenye utomvu wa parachichi, wakapita mlango wa kushoto pamoja, wakateremshwa kwenye giza la msitu, wakaingia Uzi wa Haraka.

Huko hakukuwa na asali wala maji kwenye mawe. Kijumba kilijaa, wawili wamesimama, na chini yao paa za Mwanjelwa zilipita kwa kasi hata zikawa mstari mmoja wa kijivu. Mwantumu aliwatazama abiria wenzake. Mmoja alikuwa amebeba keki ya harusi. Wawili walikuwa wanacheka mpaka wanajifuta machozi.

“Hawa wote wamesema mbaya?” aliuliza.

“Wote. Hapa kwetu hakuna mtu aliye mzima tangu Utepe ujengwe.” Tusekile akatabasamu, halafu tabasamu likapungua. “Mwanzoni tulikuwa tunasema kwa Sikio tu. Tukafika kazini, tukajikuta tumesema. Tukasema nyumbani. Binti yangu wa mwisho, Bupe, kazaliwa ameikuta hivyo. Nikimwambia habari za shule, mbaya. Umekulaje, mbaya. Mwaka juzi kakaa siku nne na kidole tumbo, kila siku ananiambia mbaya, na mimi nampikia chai. Ningejuaje? Kidogo nimpoteze.”

“Alipona?”

“Alipona. Lakini sasa nikimuuliza namshika na paji la uso kabisa. Neno siliamini tena.” Akamtazama Mwantumu. “Nasikia aliyelitengeneza hili dude ni mwanamke. Ningekutana naye, ningempa chai, nimwombe akae na sisi wiki moja tu.”

Mwantumu alikuwa na dakika nne za kusema ukweli na hakusema. Aliona haya, na haya hiyo ilikuwa nzito kuliko begi. Walipofika alimkumbatia Tusekile, akamwambia “ndaga”, neno pekee la shukrani alilolijua kwa Kinyakyusa, akakimbia.

*

Ilikuwa saa saba na dakika arobaini alipoingia lango la hospitali. Mlangoni palikuwa na bakuli la shaba.

“Shikamoo, mama,” lilisema kwa sauti yake ya miaka ishirini na tisa, na mafua yake. “Unajisikiaje leo?”

Alisimama tu, watu wakimpita. Mwanamume mrefu mwenye sare ya kijani akamjia kutoka ndani. “Mama Shemweta? Mimi Ambwene, tuliongea jana. Shikamoo. Twende, wameshaanza kumwandaa.”

“Marahaba. Hili limefikaje hapa?”

“Sikio? Lina miaka mitatu sasa. Foleni zilikuwa zinafika getini, na waliona huko kwenye Utepe linavyofanya kazi vizuri. Lenyewe ndilo linaamua nani amwone daktari siku hiyo hiyo na nani arudi nyumbani na vidonge.” Walikuwa wanatembea haraka, na Ambwene alizungumza bila kumtazama. “Mama, sikutaka kukwambia kwenye simu. Mzee Mbaruku amekuja hapa mara tisa kwa miezi kumi na minne. Mara zote tisa kaulizwa anajisikiaje, kasema namshukuru Mungu, sijambo. Kapewa vidonge vya kichwa. Ile mara ya tisa mimi nilikuwa natoka zamu, nikamkuta anaondoka huku anajishikiza ukutani. Nikamwambia, mzee, vipi? Nzuri. Nikamuuliza tena. Ndipo akakaa chini, pale pale sakafuni.”

“Na angemwona daktari ile mara ya kwanza?”

“Uvimbe ulikuwa bado mdogo kama punje ya mtama. Ungekwisha kwa dawa.”

Mwantumu alikumbuka karatasi. Ilikuwa Ijumaa, gari linamsubiri nje, na mtu alimletea kibali cha “matumizi mengine ya Sikio”. Alitia saini amesimama, karatasi ikiwa juu ya paja. Hata kalamu aliirudisha huku tayari anatembea.

Mbaruku alikuwa kwenye kitanda cha magurudumu mwishoni mwa ukumbi, kichwa kimenyolewa, shuka limefika kidevuni. Alikuwa amekonda sana. Lakini macho yalimjua dada yake mara moja, na Mwantumu akashukuru hata kabla hajamfikia.

“Shikamoo, kaka.”

“Marahaba, Mwantumu. Umekuja kweli! Nani kakusumbua?” Akamgeukia Ambwene. “Si nilikwambia? Huyu ndiye. Dada yangu huyu ndiye aliyelitengeneza lile Sikio la mlangoni. Ambwene haamini, anadhani ni maradhi yanasema.”

Ambwene alimtazama Mwantumu, na uso wake ukabadilika. Alirudi nyuma hatua mbili akajishughulisha na mirija.

“Kaka, ndilo lililokurudisha nyumbani mara tisa,” Mwantumu alisema. “Nilifuta swali la pili. Walitaka liulize mara mbili, mimi nikakataa. Ni mimi niliyekufanyia hivi.”

“Sasa unalia nini, watu wanatuangalia.”

“Kwa nini hukusema mbaya? Mji mzima unasema mbaya, hata asiye na chunusi!”

“Majirani walinifundisha. Nilikuwa najiandaa, njia nzima nasema mbaya, mbaya, kama kichaa. Nikifika pale mlangoni, naamkiwa na wewe.”

“Si mimi yule, kaka. Ni mashine.”

“Najua ni mashine, ugonjwa haujafika huko.” Alitoa mkono nje ya shuka, akautazama kama vile ni wa mtu mwingine. “Lakini sauti ni yako, ya wakati ule uko na mafua. Mwaka wa kwanza lilipowekwa hapa mjini, siku nikikukumbuka nilikuwa napanda Utepe sina safari. Napanda nisalimiwe tu, nashuka kituo cha mbele. Sasa naumwa, nafika hospitali, mdogo wangu ananiuliza, kaka unajisikiaje? Yuko Tanga, hana mume, kazi zimemzidi. Nimwambie mbaya, halafu atalala vipi? Nikasema sijambo. Siku nyingine hata maumivu yalikuwa yanapungua kidogo.”

Mwantumu aliinama akaweka kichwa chake kwenye ukingo wa kitanda. Alilia bila kuficha sasa. Kwa miaka yote hiyo alikuwa amempigia simu kila Ijumaa, wakaulizana hali, wakajibiana nzuri, akakata simu akiwa ameridhika. Hakuna mashine iliyomlazimisha kukata.

“Mama,” Ambwene alisema kwa sauti ya chini. “Saa nane.”

“Subiri kidogo.”

“Daktari ameshanawa mikono, mama.”

“Basi mwambie anawe tena.”

Ambwene alisita, kisha akafunga breki ya kitanda kwa mguu, akaenda kusimama mlangoni mwa chumba cha upasuaji, mgongo wake umewaelekea. Dirishani ukungu ulikuwa umeshuka mpaka kwenye bustani, na mtu aliyekuwa anafagia huko alionekana nusu, kuanzia kifuani kwenda juu, akielea.

“Mbaruku,” Mwantumu alisema. Hakuwahi kumwita jina lake tupu maishani. “Ni mimi. Hii ndiyo sauti niliyo nayo sasa, imezeeka, na nimekuja kusikia. Unajisikiaje?”

“Nzu...”

Mwantumu akangoja. Hakumsaidia kwa neno wala kwa kutikisa kichwa. Chombo kilicho ukutani kiliendelea kutoa mlio wake mdogo.

“Naogopa,” Mbaruku alisema. “Tangu mwaka jana naogopa. Kinauma hapa nyuma, usiku siwezi kulaza kichwa upande huu. Mwezi uliopita nilikaa nje ya nyumba yangu mpaka jua likazama kwa sababu sikukumbuka kama ni yangu. Jina la marehemu mke wangu linakuja na kuondoka. Naliandika kwenye kiganja. Sikumwambia mtu.” Alipumua kwa shida. “Sitaki kuingia mle, Mwantumu.”

“Nimesikia.”

“Nikiingia, yule atakayetoka huenda akakuangalia kama mpita njia.”

“Nimesikia, kaka.”

Ambwene alikuwa amefungua breki. Kitanda kilianza kwenda taratibu, na Mwantumu akaenda nacho, kiganja chake juu ya paji la uso la kaka yake, mpaka pale ulipochorwa mstari mwekundu sakafuni ambao jamaa wa mgonjwa hawaruhusiwi kuuvuka.

“Nikiamka nisikujue, utafanya nini?” Mbaruku aliuliza.

“Nitakaa hapa hapa Mbeya mpaka tujuane.”